Tulipoulizia Nasaba ya Chuo cha Beijing

Mama mkwe wangu alikuwa na kazi ambayo hakuna ofisi London iliyoijua, wala hakuna aliyemlipa. Alikuwa akiulizia watu. Kijana akija kuposa binti wa Kizanzibari, awe Harrow, awe Milton Keynes, hata Toronto, wazee wa binti walimpigia simu mama mkwe. Naye akakaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mtaani kwake Rayners Lane, upande huo huo wa Harrow, akaanza kutafuta. Huyu baba yake nani? Mama yake katoka mtaa gani? Babu yake aliishi vipi na majirani? Kuna maradhi ndani ya nyumba, kuna ugomvi wa urithi, kuna aliyeachwa, na kaachwa kwa nini? Simu zilikwenda Unguja na Pemba, zikaenda Muscat na Dubai. Miaka ya tisini, kadi za simu za bei rahisi zilipoanza kuuzwa madukani karibu na stesheni, nilijua zimepata mteja wao mkuu.

Nilikuwa nikimcheka, lakini kwa siri. Mimi mwenyewe niliuliziwa naye kabla ya kuolewa na mwanawe, na nikafaulu, jambo ambalo nilimkumbusha mume wangu kila tulipogombana. Na mwenzenu sikujaaliwa ulimi wa kunyamaza, kwa hiyo tuligombana vya kutosha.

Binti yetu alizaliwa London na kukulia Harrow. Kiswahili alikielewa chote, hata cha mafumbo, lakini ukimsemesha alikujibu Kiingereza, kama watoto wote wa rika lake. Mama mkwe alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na wawili hao waliishi hivyo kwa raha zao miaka yote. Chuo kikuu alisomea uhandisi wa maji: mito, mabwawa, mafuriko. Wenzangu kazini waliponiuliza mwanangu anasomea nini, nilijibu kwa sauti ya kufika meza ya tatu.

Alipokaribia kumaliza digrii ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwalimu wake alimwambia kuwa kama kweli anataka kuyajua maji, aende Beijing. Kuna chuo kikuu huko, kaskazini magharibi ya mji, ambacho wahandisi wake wamezuia mito ambayo watu wengine hata kuivuka wanaogopa. Binti akaomba nafasi bila kutwambia. Siku alipokubaliwa alikuja jikoni, akaniambia huku nakatakata vitunguu, nami nikalia, na mpaka leo sijui machozi yale mangapi yalikuwa ya vitunguu.

Mume wangu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi sina neno," akasema. "Nafurahi. Lakini bila ya radhi ya mama hatoki mtu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo asingelifanya Mwingereza, wala Mkongo, wala Mhindi wa Nairobi aliyekuwa jirani yetu. Nilimpigia simu mama mkwe, na kwa kuwa nilitaka maneno yangu yawe mazuri, nikasema, "Mama, tuna jambo la heri la mtoto. Tunataka tuje tukae nawe Ijumaa baada ya sala."

Mzanzibari yeyote anajua sentensi ile ina kazi moja tu duniani.

Ijumaa tukafika. Mlango ulipofunguliwa tu, nikapokewa na harufu ya udi. Mawifi zangu wawili walikuwa wamevaa kanga mpya, na binti yangu akabusiwa kila upande. Mezani palikuwa na visheti, na haluwa ya Muscat ambayo mama mkwe huwafichia wageni wa kawaida. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, kajitanda mtandio mweupe, uso umetulia kama wa kadhi.

"Haya," akasema, "kijana wa nani?"

Binti yangu akanigeukia. "Mum, what kijana?"

Nikajikaza, nikaeleza. Nikasema hakuna kijana, kuna chuo kikuu. Nikasema ni Uchina. Nilivyozidi kueleza ndivyo wifi yangu mdogo alivyozidi kuuma ncha ya kanga, mpaka kicheko kikamponyoka, akakimbilia jikoni. Wifi mkubwa, mwenye huruma, akajaribu kuniokoa. "Mama, si tumesomeshwa tangu utotoni kuwa elimu tuitafute hata Uchina?"

"Nimesomeshwa na mimi," akajibu mama mkwe. "Sikusomeshwa kuwa atafute mtoto wa kike peke yake."

Mume wangu alikuwa akilitazama zulia kama linalosomeka. Mama mkwe akamtazama mjukuu wake. Kisha nikaona jambo nililoliona mara nyingi alipokuwa na simu mkononi: macho yakamwamka.

"Basi na huyo bwana chuo tutamuulizia," akasema. "Kwani yeye ana ubora gani hata asiuliziwe? Anamtaka mtoto wangu, nami nataka kujua kazaliwa na nani, kalelewa vipi, kaugua nini, na nyumbani kwake wanakaa nani. Ijumaa ijayo mjukuu wangu huyu atakuja kunijibu. Na anijibu kwa Kiswahili. Kiingereza cha televisheni kinanitosha."

Binti akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Nilipokuwa naosha vikombe, mama mkwe alinifuata jikoni, na huko hakuwa tena kadhi. "Mimi sikatai elimu," akaniambia. "Wachina nawajua, walikuja hospitali ya kwetu na dawa zao, walikuwa watu wa adabu. Lakini sisi tulitoka kwetu kwa siku mbili tatu, mwanangu. Ndivyo tulivyosema. Niliwaaga watu nikawaambia haya, tutaonana. Mtu akishatoka, hajui kama atarudi. Mimi sitaki kumuaga mtoto huyu nikasema maneno yale yale." Akanipokonya kikombe, akakisuuza upya, kwa sababu hajawahi kuridhika na ninavyosuuza.

Wiki ile binti yangu alisoma kuliko alivyosomea mtihani wowote. Aliingia maktaba, akaingia kwenye kompyuta yetu iliyopiga kelele kabla ya kuunganisha mtandao, na kila jioni akanifuata na maneno. Fidia ndiyo nini? Idara na kitivo vina tofauti gani? Nikakasirika kwanza, nikamwambia hayo angeyajua kama angenijibu kwa lugha yangu tangu mdogo. Halafu nikaona anavyoandika neno mkononi kwa kalamu, na midomo inamchezacheza akilirudia, hasira zikaniisha. Nikampikia.

Mama mkwe naye hakulala. Kwetu posa haiulizwi kwa mwenye posa, huulizwa kwa jirani. Siku moja katikati ya wiki alinipigia simu kazini, akaniambia nikitoka nimpitie, tuna safari. Safari yenyewe ilikuwa duka la chipsi na wali wa kukaanga la Wachina, hatua chache kutoka stesheni. Miaka yote tulipita mbele yake bila kuingia, maana nyama yake si halali kwetu. Jioni ile mama mkwe aliingia na baibui lake, akasimama mbele ya kaunta, akanifanya mkalimani.

"Muulize," akasema, "kama anakijua chuo hicho."

Nilimtajia mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye aproni, jina la chuo. Nilikosea kulitamka, akanirekebisha, kisha akauliza kwa nini. Nikasema binti yangu kapata nafasi. Yule mama akaacha kijiko. Akaniuliza tena, binti yako wewe? Nikasema ndiyo, wangu mimi. Akazunguka kaunta, akatoka nje yake, watu wamejipanga foleni wanangoja chipsi, akamshika mama mkwe mikono yote miwili. Akasema yeye katoka Hong Kong, mbali na Beijing, lakini mzazi yeyote wa kwao akimgombeza mtoto asiyetaka kusoma, jina analomtajia ni hilo. Akasema ndugu yake alijaribu akashindwa, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kushindwa pale si aibu. Tulipoondoka alitupa machungwa manne.

Tulipofika mlangoni kwake mama mkwe aliyapokea machungwa. "Jirani katoa ushahidi mzuri," akasema. Nami nilikuwa natembea kama niliyechaguliwa mbunge wa Harrow.

Ijumaa ikafika. Safari hii hakukuwa na udi, lakini walikuwepo wote: mama mkwe, mawifi zangu, mume wangu na mimi. Binti aliketi chini mbele ya bibi yake, kajitanda mtandio niliomwazima.

"Baba yake nani?"

"Well, it was founded when—"

"Kiingereza mimi sikisikii."

Binti akaangalia kiganja alichoandika maneno, akaangalia dari. "Bibi," akasema pole pole, "kazaliwa wakati mfalme wa mwisho wa Uchina anaondoka. Na kazaliwa na faini."

Wifi mdogo akaanza kucheka, bibi akamtazama, akaacha.

Mtoto akaeleza. Wachina walipigana na nchi za nje, wakashindwa, wakatozwa fidia kubwa mno. Wamarekani baadaye wakasema fungu letu tumezidisha, tutarudisha sehemu, lakini litumike kusomesha vijana waje kwetu. Ndipo ikajengwa skuli ya kuwatayarisha, ndani ya bustani ya zamani ya wafalme, yenye bwawa la mayungiyungi. Skuli hiyo ndiyo iliyokua ikawa chuo.

"Kwa hiyo kazaliwa katika aibu ya nchi yake," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, Bibi."

"Mtoto hachagui pa kuzaliwa. Endelea."

Akaendelea. Alikuwa akitafuta maneno, akikwama, shangazi zake wakimsukuma, lakini hakukimbilia Kiingereza. Akasema chuo kilipopevuka kikakataa kuwa njia tu ya kwenda Marekani, kikataka kufundisha chenyewe. Kikawa na waliobobea katika vitabu vya kale vya Kichina na waliorudi kutoka ng'ambo na sayansi mpya, wote chini ya paa moja.

"Halafu vita vikaja. Wajapani wakauchukua mji. Chuo kikakimbia."

"Chuo kinakimbiaje?"

"Watu, Bibi. Walimu na wanafunzi. Walichukua vitabu walivyoweza, wakaenda kusini, vita vikawafuata, wakaenda tena mbali zaidi, milimani, kusini magharibi. Wengine walikwenda kwa miguu, na walimu wao pamoja nao. Wakaungana na vyuo viwili vingine vilivyokimbia. Watatu wakawa mmoja. Madarasa yao yalikuwa ya udongo na mabati. Mvua ikinyesha juu ya bati mwalimu hasikiki, basi anaacha kusema, wote wanangoja."

Kila mtu mzima aliyekuwa pale alishatoka mahali na begi moja. Mume wangu alikuwa mtoto wa skuli walipotoka, lakini hata yeye alikuwa ameinua uso kutoka kwenye zulia.

"Na walisoma hivyo hivyo?" akauliza mama mkwe.

"Walisoma. Waliotoka pale ndio waliokuja kuwa wanasayansi wakubwa kabisa. Wengine dunia nzima inawajua."

"Halafu?"

"Vita vikaisha, wakarudi."

"Pale pale?"

"Pale pale, Bibi. Kwenye bustani ile ile. Walikuta imeharibiwa, wakaitengeneza."

Mama mkwe akageuza uso dirishani, ambako hakuna cha kuona isipokuwa magari yaliyoegeshwa na nyumba iliyofanana na hii yake. Kisha akajifuta pembe ya jicho kwa mtandio, bila kujificha, akarudi kazini kwake.

"Aliwahi kuachika?"

Hapa binti yangu akatabasamu, kwa sababu swali hili alilitegemea. "Si kuachika hasa, lakini waligawanywa. Serikali mpya ilipoingia ilitaka vyuo vya namna ya Kirusi, kila kimoja na kazi yake. Fasihi, sheria, sayansi, wote wakachukuliwa wakapelekwa vyuo vingine. Yeye akaachiwa uhandisi tu."

"Wakampokonya watoto," akasema wifi mkubwa.

"Na aliugua?" akauliza mama mkwe.

Binti akasita. Nilijua kinachomsitisha, maana tulikuwa tumebishana jikoni. Mimi nilimwambia aliruke hilo. Kwa posa nilijua watu wanasema nini na wanaficha nini. Hakunitazama.

"Aliugua sana, Bibi. Miaka mingi. Wanafunzi waliwageukia walimu wao, wakawapiga, wakawadhalilisha mbele za watu. Kisha wakapigana wao kwa wao, humo humo chuoni. Wapo waliokufa. Masomo yakasimama."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

"Vizuri," akasema mama mkwe. Nikafumbua macho. "Umeniambia na ubaya. Anayesifia tu huyo dalali. Kaponaje?"

Kapona kwa mtihani, mtoto akajibu. Mitihani ya kuingilia ilirudishwa, na vijana waliokuwa wamepelekwa kulima mashambani miaka ile ya ugonjwa wakatoka na mikono yenye sugu, wakakaa madawati pamoja na watoto wadogo kwao. Na tangu hapo chuo kikaanza kuwakusanya wanawe: sayansi zikarudi, uchumi ukaja, fasihi na sheria zikarudi. Skuli ya sanaa ya mji ikaingia nyumbani humo kwa miguu yake. Na sasa hivi, juzi tu, udaktari.

"Kwa hiyo nyumba imejaa," akasema mama mkwe.

"Imejaa, Bibi. Watu wanatembea kwa baiskeli kutoka darasa hadi darasa, ni kama mji. Kuna wachoraji na wanaotengeneza mashine, na idara yangu ya maji ni katika za zamani. Wachina wanaoingia wamechujwa nchi nzima. Wageni wapo, na Waafrika wapo. Na kuna jiko la Waislamu, nimeuliza. Na msikiti unafikika."

Hilo la mwisho kalitupia kama mfanyabiashara anayeongeza kipimo. Wifi mdogo akacheka, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwanangu, aliyekuwa akiniomba chumvi kwa Kiingereza, alikuwa amemaliza kusimulia miaka karibu mia moja ya chuo cha Beijing kwa Kiswahili cha kikwetu, mbele ya mwanamke anayeogopwa na wachumba wa mabara matatu, na hakutikisika. Nilijivuna, na sitaomba radhi kwa hilo. Nilijivuna kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule bibi aliyejua kuuliza. Na kwa namna nisiyoielewa, nilijivunia hata chuo chenyewe, kama vile tulikwisha kuwa wakwe.

Mama mkwe alinyoosha kanga magotini. Tulijua hukumu inakuja.

"Nasaba yake nimeikubali," akasema. "Kazaliwa katika aibu akaitoa. Kafukuzwa akarudi. Kagawanywa akajikusanya. Kaugua akapona, na hafichi. Wapo vijana wenye magari mazuri niliowakataa kwa upungufu wa hayo." Akainama mbele. "Nimebakiwa na swali moja, na hili si lake yeye, ni lako wewe. Wao walirudi. Wewe utarudi?"

"Nitarudi, Bibi."

"Kila mtu husema hivyo. Utarudi wapi?"

Binti yangu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Hapa," akasema, akapiga zulia kwa kiganja. "Nyumbani."

Wifi mkubwa alishusha pumzi kwa sauti. Katika nyumba ile, tangu niolewe, "nyumbani" palikuwa mahali pamoja tu, Zanzibar. Nyumbani embe zimeiva, nyumbani fulani kafariki, mwakani inshallah nyumbani. Rayners Lane ilikuwa hapa tu, au London, au kwa Waingereza. Mama mkwe alikuwa na miaka thelathini na ushei Uingereza, na kila mwaka alisema huu ndio wa mwisho.

Akaangalia kile kiganja cha mjukuu wake kilichokuwa bado kimelala juu ya zulia. Nikadhani amekasirika.

"Haya nenda," akasema. "Radhi yangu unayo. Na ukirudi utanikuta, mimi siendi popote. Nitakuwa hapa hapa nyumbani."

Mume wangu akafunika uso. Wa kwanza kupiga kigelegele nilikuwa mimi.